Mashine Iliyoombewa

Wale mlionihurumia wiki iliyopita, wekeni hiyo huruma akiba. Ile ilikuwa kufutwa kazi tu.

Na wewe ambaye gazeti hili limekufikia likiwa limefungia nyama, ngoja nikueleze upesi. Mimi ni Makori. Kwetu ni Kisii, lakini nilizaliwa Kericho, kwenye nyumba za wachuma majani. Nilikuwa karani wa kampuni mpaka siku nilipomwambia meneja, watu wakisikia, kwamba Kiingereza cha barua yake kilikuwa kibovu. Kilikuwa kibovu kweli. Nikafutwa, nikafungua kiduka cha kuchapa mjini, na humo ndimo Chemutai alimoingia siku moja kuchapisha barua ya kuomba kazi. Hajatoka moyoni mwangu tangu hapo.

Chemutai ni binti wa Mzee Bethwel wa Mogogosiek. Baada ya maneno mengi, mzee alikubali nilete watu wangu Jumamosi. Kwao wanaita koito. Mnakaa, mnaulizwa, mnajibu. Mkikubaliwa, mama wa msichana anatoa siagi na kuwapaka kichwani. Msipokubaliwa, mnakunywa chai, mnasema asante, mnaenda zenu.

Nilitaka hiyo siagi kuliko kitu chochote duniani. Nasema mapema ili mjue nilikuwa nachezea nini.

Sasa sikieni ujinga.

Mwaka huo wa tisini na saba, kompyuta zilikuwa zinaingia kwetu, na watu walikuwa wamegawanyika kama wakati wa kura. Kulikuwa na ya Tunda na ya Dirisha. Ndivyo watu walivyoziita. Zote zina kioo, zote zinachapa barua. Tofauti iko kwa ile akili ya ndani inayoiendesha mashine, na hiyo akili haionekani kwa macho, kwa hivyo kila mtu alikuwa na maoni.

Ya Tunda ilikuwa moja tu Kericho nzima, na ilikuwa yangu. Mmishonari mmoja mzee aliniachia akirudi kwao. Ukiiwasha inaamka, unafanya kazi, unaizima inalala. Kile unachoona kwenye kioo ndicho kinatoka kwenye karatasi. Haikusumbui na maswali.

Za Dirisha zilikuwa kila mahali. Benki, kampuni, factory, na kwa Kipsang, ng'ambo ya barabara, akitazamana na mimi. Kipsang ni kijana wa kutabasamu sana. Mlango wake ulikuwa umejaa watu, wangu ulikuwa umejaa upepo.

Nilikuwa nawauliza watu, kwani huko kuna nini.

"Ya Kipsang iko na maua," wanasema.

Maua. Lilikuwa ua moja la waridi, lile lile, kwenye kila kadi ya harusi kuanzia Kipkelion mpaka Bomet. Nililiona hata kwenye programu ya mazishi.

Mama mmoja alikuja kutoka Kiptere kutafuta kadi za harusi ya mwanawe. Nikamwekea mbili mezani, moja yangu, moja ya Kipsang niliyookota. Akaziangalia, akachukua yangu.

"Hii ndiyo ya Dirisha," akasema. "Unaona vile imenyooka."

Nikamwambia hiyo ni ya Tunda. Akaiweka chini kama imemchoma, akachukua ile nyingine, akavuka barabara. Niambieni mtu kama huyo utamsaidia na nini.

Basi kanisa la Mzee Bethwel likaamua kununua kompyuta. Mzee ndiye mwenyekiti wa kamati. Akatuita sisi wawili, mimi na Kipsang, tulete mashine zetu kanisani Jumatano wazione. Watakayoipenda, wataagiza ya aina hiyo, na Chemutai ndiye atakuwa karani wake. Mnaona vile mambo yalivyojipanga. Koito Jumamosi, mashine Jumatano, na mkwe wangu mtarajiwa ndiye mwamuzi.

Chemutai alinivuta kando kabla hatujaingia.

"Makori, tafadhali. Usiwafundishe. Jibu kile umeulizwa, basi."

"Na wakiuliza ujinga?"

"Jibu huo ujinga."

Tukaingia. Kamati ilikuwa imekaa kwenye mabenchi, wazee upande huu, akina mama upande ule. Mzee Bethwel akaizunguka mashine yangu mara kadhaa, mikono nyuma, vile mtu anazunguka mtamba sokoni. Nilidhani ataifungua mdomo aone meno.

"Hii tunda," akasema, akigusa ile alama ya tunda lililomegwa iliyokuwa ubavuni. "Nani ameiuma?"

"Ni alama tu, mzee."

"Naona ni alama. Nauliza nani ameiuma. Sisi tunajua tunda moja iliumwa, na tunajua kilichofuata."

Wazee wakatikisa vichwa. Mimi nikauma ulimi.

Mama Janeffer, mke wa mzee, yule ambaye siagi iko mkononi mwake, akainua kidole.

"Kijana, hii ikigonjeka, daktari wake ako wapi?"

"Haigonjeki, mama."

"Kila kitu inagonjeka. Daktari ako wapi?"

"Nairobi," nikasema.

Nikaona vile hilo neno lilivyoanguka. Mama Janeffer akaangalia wenzake. Nairobi ni mbali hata kwa mtu mzima wa afya.

Kipsang akaulizwa swali lile lile. Akatabasamu.

"Yangu inagonjeka, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini ile ya factory hapa ni ya ukoo mmoja na hii. Ya benki, ukoo huo. Ya hospitali, ukoo huo. Ikilala, unatuma mtu tu hapo factory, kijana anakuja na baiskeli."

"Hiyo sasa ndiyo maneno," akasema Mzee Bethwel.

Mmesikia? Kitu kinachougua kila wiki, chenye madaktari kila kona, ni bora kuliko kitu kizima. Hiyo ndiyo hesabu ya kamati. Watu hawa hawanunui ng'ombe mpaka wajue dume liko kwa nani, na sasa walikuwa wananunua kompyuta vivyo hivyo. Nilitaka kusimama niwaambie. Chemutai alikuwa karibu na mlango, akanikazia macho. Nikakaa.

Halafu Mungu akanipa ushindi. Nilidhani ni ushindi.

Kipsang alikuwa anawaonyesha lile waridi lake. Alipobonyeza mahali, kioo kizima kikawa buluu, maandishi meupe yakajaa, na mashine ikakwama. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Hakuna kitu. Jasho likaanza kumtoka, na lile tabasamu likaenda zake.

"Imekuwaje?" mzee akauliza.

"Imekwama, mzee."

"Imekufa?"

"Haijakufa kabisa."

Mimi nikakunja mikono yangu kifuani. Nikangoja wazee wageuke waje upande wangu.

Mzee Bethwel akavua kofia. "Tusimameni tuombe," akasema.

Kamati yote ikasimama. Macho yakafungwa. Mzee akaomba, na mzee huyo akianza kuomba hana haraka. Akaombea mashine, akaombea Kipsang, akaombea mvua ipungue barabara zikauke. Mimi sikufunga macho. Nikamwona Kipsang ananyoosha kidole polepole, anazima ile mashine, anahesabu kwa midomo, anaiwasha tena.

Walipofika amina, ikalia kile kiwimbo chake. Wazee wakafungua macho, na kwenye kioo kulikuwa na nini? Mbingu. Mbingu ya buluu na mawingu meupe, maana hivyo ndivyo ya Dirisha ilikuwa inaamka miaka hiyo.

"Imefufuka," mzee mmoja akasema kwa sauti ndogo.

Akina mama wakaanza wimbo.

Nikacheka. Si kucheka kwa adabu, la. Nilicheka mpaka nikashika benchi. Nilipoinua uso nikakuta Mama Janeffer ananiangalia, na kwa vile alivyoniangalia nikajua yeye pia hakuwa amefunga macho. Alikuwa ananitazama tangu maombi yalipoanza.

Hukumu ilitoka hapo hapo.

"Kijana," Mzee Bethwel akaniambia, "hiyo yako hatujawahi kuona ikianguka. Hatujui ikianguka kama itaamka. Hii ya Dirisha tumeiona ikianguka, na tumeiona ikiamka. Tutachukua hii."

Akaniinulia kidole. 

"Na kingine. Umecheka kwa maombi."

Hakusema koito imevunjika. Hakusema iko. Alivaa kofia yake akatoka.

Chemutai alinipata nje nikifunga mashine yangu na gunia isinyeshewe.

"Umecheka," akasema.

"Kipsang ameizima na kidole, nimemwona. Baba yako anafikiri ni maombi."

"Baba anajua ni kidole."

"Hajui."

"Makori, baba anaombea ng'ombe akiwa mgonjwa, halafu anaita daktari wa ng'ombe. Anaombea redio, halafu anabadilisha betri. Wewe unafikiri hajui? Wewe ndiye hujui."

 Hilo nikalipita. "Kwa hivyo utafanya kazi na hiyo takataka."

"Ndiyo. Na nitaenda kusoma kwa Kipsang. Nimeshamwambia."

"Unafuata kundi tu."

"Nafuata. Nikikwama kuna Kipsang, kuna yule wa factory, kuna Atuti wa benki. Kwa yako nikikwama namuuliza nani?"

"Mimi."

"Wewe." Akakunjua leso yake. "Wewe mtu akikuuliza kitu, unamfanya aone aibu kuuliza. Yule meneja wako ndivyo alivyokuwa. Uliniambia mwenyewe."

Akajifunika kichwa na leso, akaenda. Nilimwita, hakugeuka. Niliumia, nisiwadanganye. Niliumia kiasi kwamba siku hiyo hata kumcheka Kipsang kulinishinda.

Jumamosi tukaenda. Hakuna mtu alikuwa ametuma neno kwamba tusiende, na baba mdogo Mokaya akasema mtu asiyekatazwa ameitwa. Tulikuwa yeye, shangazi Esnah, na mimi. Mvua ilikuwa bado inanyesha, barabara ya Mogogosiek ilikuwa uji mtupu, na shangazi alivua viatu akavibeba kwenye mfuko mpaka langoni.

"Leo wewe mdomo wako ni wa kula," akaniambia akivivaa tena. "Maneno tuachie."

Sebuleni kwa Mzee Bethwel palikuwa na wazee wa ukoo na watu wa kamati, wale wale. Na kwenye meza ya kona, chini ya kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, kulikuwa na kitu cha pembe nne. Nikakitambua. Ofisi ya kanisa ilikuwa inavuja, kwa hivyo mashine mpya ya Dirisha, iliyofika Alhamisi, ilikuwa inalala kwa mwenyekiti. Kipsang mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameenda Bomet. Nikashukuru.

Maneno yalienda vizuri. Baba mdogo Mokaya anajua kuongea. Aliulizwa sisi ni watu wa wapi, akajibu. Aliulizwa tumefuata nini, akasema kuna ua tumeliona kwenye boma hili, na mimi nikamwomba Mungu lisiwe la waridi. Wazee wakacheka mahali pa kucheka.

Chemutai akaitwa. Akasimama karibu na mlango wa jikoni, mikono mbele.

"Hawa watu unawajua?" baba yake akauliza.



"Nawajua," akasema.

Mama Janeffer akaingia jikoni, akatoka na kibuyu kidogo, akakaa, akakiweka mapajani. Harufu ya siagi ikanifikia. Shangazi Esnah akanigusa goti. Tulikuwa tumefika.

"Bado kitu moja," akasema Mzee Bethwel.

Akainuka, akaenda kwenye kona, akaondoa kile kitambaa. Kioo kilikuwa buluu tupu, na yale maandishi meupe.

"Iko hivi tangu jana. Programu ya ibada ya kesho iko ndani. Kijana wa factory ameenda kwao, Kipsang ako Bomet. Sasa hapa mtu wa kompyuta ni wewe."

Madaktari kila kona, mnaona. Nilikuwa na la kusema hapo, na lilikuwa tamu. Nikalimeza.

"Mzee, nitaiangalia," nikasema, nikaanza kuinuka.

"Ngoja. Jumatano sisi tuliomba, wewe ulicheka. Leo wewe utaomba, na sisi tutaitikia. Halafu uishike."

 Kuizima na kuiwasha ni kazi ya kitoto, ningeifanya nikiwa nimelala. Lakini kusimama mbele ya kamati na kuiombea kompyuta ya Dirisha? Mimi? Ulimi uliwasha. Neno lilikuwa tayari, kwamba hii inataka kidole, haimtaki Mungu. Nikaangalia kibuyu. Nikamwangalia Chemutai, naye alikuwa anaangalia sakafu.

Nikasimama, nikafunga macho.

"Mungu wetu," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Tunakushukuru kwa siku hii. Tunakushukuru kwa boma hili. Tunaleta mbele yako mashine hii ya Dirisha, ambayo, Bwana, wewe mwenyewe unaijua ilivyo."

"Amina," wazee wakaitikia.

"Unajua taabu zake. Unajua tulivyoiacha nyingine nzuri tukaichukua hii. Lakini, Bwana, si kwa kuikumbusha dhambi zake tumesimama hapa."

Hapo mtu akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, cha kutoroka puani, cha mtu ambaye ameshikilia ameshindwa. Kilitoka upande wa mlango wa jikoni. Nilikuwa nakijua. Ndicho nilichokuwa nakisikia kwenye kiduka changu nikiwakejeli watu wa waridi.

"Amina," Mzee Bethwel akasema, akayakata maombi yangu katikati. "Nani amecheka?"

Kila mtu akaniangalia mimi. Ilikuwa haki yao. Chemutai alikuwa amekauka, uso umebadilika, mkono mdomoni. Kazi ya kanisa ilikuwa yake kwa sababu ya heshima yake, na kamati yote ilikuwa imekaa pale ikisubiri jina.

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Wewe ulikuwa unaomba."

"Nilicheka nikiomba."

"Mtu anaweza kucheka na kuomba kwa mdomo mmoja?"

"Mimi naweza."

Baba mdogo Mokaya akashusha pumzi ndefu, akaanza kutafuta kofia yake chini ya kiti. Shangazi Esnah akafunga macho, na sidhani alikuwa anaomba.

"Anadanganya," akasema Mama Janeffer.

Nilikuwa nimesahau. Huyu mama hafungi macho.

Aliniangalia. Akamwangalia binti yake kwa muda, akarudi kwangu. Jina hakulitaja. Akainuka na kile kibuyu, akaja mpaka katikati ya nyumba. Jikoni kulikuwa mkono wake wa kushoto, vichwa vyetu vilikuwa mkono wa kulia, na hatukujua siagi itaelekea wapi.

"Jumatano nilikuuliza kitu, ukanijibu na kiburi," akasema. "Leo nauliza tena, na siulizi ya mashine. Huyu msichana huko kwenu atakuwa peke yake. Hakuna wa lugha yake, hakuna wa ukoo wake, kama hiyo kompyuta yako ya Kericho. Siku akigonjeka moyo, siku akikwama, daktari wake ako wapi?"

Mzee Bethwel akakaa. Hata kamati ikageuka kunisikiliza. Chemutai alikuwa ameondoa mkono mdomoni, na sasa alikuwa ananiangalia mimi, hakuangalia sakafu tena.

Nikafungua mdomo. Majibu yalikuwa mengi, yalikuja mbio kama kawaida yangu, na kila moja lilikuwa la dharau. Nikasimama pale nikitafuta moja ambalo si la dharau, na siagi ilikuwa inangoja. Nilichojibu, na siagi ilikoenda, nitawaambia wiki ijayo.